Ijumaa Tuliyokwenda Kutembea

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, hapa hapa Doha, nilipokuwa mgeni wa mji huu kama ulivyo wewe leo. Niliishi Industrial Area, katika kambi ya wafanyakazi, chumba tulichogawana wanaume wa mataifa mbalimbali, na kila asubuhi basi la kampuni lilitupeleka West Bay kujenga yale maghorofa. Kwenye kitanda cha chini ya changu alilala Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, fundi wa dari. Alikuwa amekaa Ghuba muda mrefu kuliko sisi sote, na mkataba wake ulikuwa umefika mwisho. Kesho yake angepanda ndege kurudi nyumbani, na hakuwa na nia ya kuja tena.

Asubuhi hiyo, wenzetu walipokuwa wakifua nguo na kupiga simu makwao, mzee alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, akaniomba nimsindikize. Alitaka kuliona jumba moja la maduka ambalo watu walilisifu sana, lenye mfereji wa maji ndani na mashua za kutembeza wageni. Yeye alikuwa miongoni mwa mafundi waliolijenga. Miezi mingi alilala chali juu ya jukwaa la vyuma akifunga mbao za dari, kisha kampuni ikawahamishia kazi nyingine kabla ya wapakaji rangi kuingia. Tangu hapo hakuwahi kutia mguu mle. Alitaka tu kujua lilikuwaje mwishowe.

Nilikwenda shingo upande. Wakati huo niliamini kwamba mahali pazuri ni pa kujenga, kulinda au kufagia, si pa kuingia.

Mlangoni soja wa ulinzi alituzuia. Hakutukaripia. Alisema kwa upole kwamba Ijumaa ni siku ya familia, wanaume walio peke yao waje siku nyingine. Mzee akamweleza kwamba kwake siku nyingine haipo. Soja akatikisa kichwa. Usimlaumu, mwanangu, naye alikuwa mtu wa kuajiriwa kama sisi. Nikaona watu wanatutazama, nikamshika mzee mkono.

"Mzee, turudi tu," nikamwambia. "Hapa si petu."

Akanigeukia. Hakupandisha sauti. "Mimi nimekuja kutembea," akasema. "Kama wewe unaona haya, nisubiri kituo cha basi. Lakini usinifundishe kuona haya, nimezeeka mno kuanza."

Maneno hayo yaliniingia. Nikabaki pale pale, sijui nisogee mbele au nyuma.

Nyuma yetu walikuwa wamesimama mama mmoja na mumewe. Baadaye tulijuana: Mwende, muuguzi kutoka Machakos, na Mutua, aliyefanya kazi za kompyuta. Walikuwa wamesikia Kiswahili chetu. Mwende akaja, akaupitisha mkono wake katika mkono wa mzee, kama binti amshikavyo babake wakitoka kanisani.

"Baba, tumekuweka juani," akasema. "Tuingie."

Kisha akamwambia soja kwa Kiingereza kwamba sote ni familia moja. Soja alimtazama yeye, akatutazama sisi, na nadhani alielewa kila kitu. Akasogea pembeni.

Mwanangu, nje ilikuwa adhuhuri, jua la Doha unalijua, lile linalokupiga usoni kama mlango wa tanuri. Tulipopita milango ya vioo tukaingia jioni. Sijui niseme vipi tena. Hewa ilikuwa baridi na tulivu. Mbele yetu palikuwa na mtaa mzima wa nyumba za zamani, zenye roshani ndogo na taa za vibarazani, na katikati yake maji ya kijani, na juu ya maji madaraja yaliyopinda. Mashua nyembamba ilipita taratibu, mwendeshaji amevaa kofia ya majani. Na juu ya hayo yote ilikuwepo mbingu, ya samawati, yenye mawingu mepesi yenye rangi ya waridi ukingoni, kama baada ya mvua.

Mzee Wafula alivua kofia. Alisimama akitazama juu muda mrefu hata watu wakaanza kumpita huku na huku. Mwende hakumwachia mkono.

"Kumbe ilikuwa mbingu," mzee akasema hatimaye. "Sisi tuliambiwa ni dari."

Mimi niliyekuwa nikiona haya, nilisahau hata nimevaa viatu gani. Nilitazama juu pamoja naye, mdomo wazi.

Mzee alitaka kupanda mashua, na alikataa katakata kulipiwa. Alisema mgeni hulipa nauli yake. Tukapanda wanne. Mutua akatueleza kwamba mitaa ile imeigwa kutoka mji mmoja wa Italia uliojengwa juu ya maji. Alisema aliwahi kutembelea nchi nyingine akakuta mahali kama hapo, mbingu ya rangi na mfereji vilevile, ila ni hoteli kubwa, na katikati yake ni meza na mashine za kamari. Huko watu huingia wakidhani ni jioni, wakacheza, wakacheza, na ile mbingu haiwaambii kamwe kwamba nje kumeshakucha.

Mzee akaitazama tena mbingu ya juu yetu. "Basi hapa tumeachiwa sehemu iliyo nzuri," akasema. "Tushangae, kisha twende nyumbani."

Ndivyo tulivyofanya. Tulizunguka, tukanywa chai kwa Mwende na Mutua, tukaagana kama ndugu. Kesho yake nilimsaidia mzee kufunga mizigo. Wiki chache baadaye alinipigia simu kutoka Bungoma. Alisema wajukuu wanamwuliza kila siku Doha kuna nini, naye huwajibu kwamba kuna mbingu, na vipande vyake vingine alivipigilia misumari mwenyewe. Alicheka sana. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo kambini.

Tangu hapo, kila nipatapo siku ya mapumziko, hutoka. Nimekwenda kwenye majumba ya makumbusho, nimekaa ufukoni nikitazama yale maghorofa yakiwaka taa, na sikuomba radhi kwa mtu. Nikikutana na mgeni aliyekwama mlangoni, humshika mkono.

Basi sikia, mwanangu. Umekuja kufanya kazi, na kazi itakuinamisha, lakini usiiache ikufundishe kutembea umeinama. Siku yako ikifika, piga pasi shati lako, uingie, uinue macho, ushangae bila haya. Kila kizuri hapa kimejengwa na mikono ya watu, nawe umo katika watu hao. Ila kumbuka mlango uko wapi. Mahali pasipoingia usiku ni pa kutembelea, si pa kukaa, na anayekungoja nyumbani anaishi chini ya mbingu inayobadilika.

Mungu akupe afya ya mikono na wepesi wa moyo. Akukutanishe na watakaokuita ndugu ugenini, na akurudishe kwenu ukiwa na la kusimulia.