Fundi alivyonirekebishia namba tasa

Jamani, leo nimemfokea fundi wa tisheti pale Kariakoo, mbele za wateja wake, na mpaka sasa naona aibu.

Kesho klabu yetu ya hesabu ina mashindano. Nilimpa fundi namba moja ndefu aichape kifuani, tisheti thelathini:

12345678910987654321

Ni namba tasa hiyo. Ndefu vile, na haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Naipenda mno.

Leo nafika, nakunjua ya kwanza:

12345678987654321

"Fundi, kumi yangu iko wapi?"

Akatabasamu. "Mwalimu, pale katikati uliteleza. Hata kanga, pindo zake zinalingana huku na huku. Nikakurekebishia."

Thelathini zote!

Nikafoka. Baba wa watu akaanza kuzikunja, akasema atazirudia kwa hasara yake.

Ndipo nikaitazama tena ile namba.

Nikaomba kalamu, nikaandika kwenye boksi. 11 mara 11 ni 121. 111 mara 111 ni 12321. Nikazidi kuongeza moja, mpaka zilipofika tisa:

111111111 mara 111111111.

Jibu likawa lile lile la kwenye tisheti.

Nikamwonyesha fundi.

"Kwa hiyo nilipatia?" akauliza.

"Ulikosea, fundi. Ila hata mimi nisingeweza kukosea vizuri hivyo."

Nimezichukua. Nyie mngezikataa?

Moja tu kaomba abaki nayo. Kesho anaivaa kwenda Buguruni, kwa mwalimu wake wa zamani aliyemwambia hesabu hataziweza.