Dansi ya Wamarekani Shuleni Ikonge

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni polepole, maana nimechoka. Nilitoka kuchuma chai nikaenda Ikonge, shuleni kwa mjukuu wangu, kuona wakifundishwa jinsi Wamarekani wa karne iliyopita walivyovaa na kucheza. Mwalimu wao ni mkwe wangu, baba yake huyo mjukuu, na kwetu mama mkwe hamgusi mkwe hata mkono. Nikamtafuta nimkwepe. Sikumwona, nikashukuru.

Muziki ukalia. Mtu mmoja mwenye kofia pana na miwani myeusi akawa ananikimbia kona hadi kona.

“Kijana, unaogopa kikongwe? Cheza!” Nikamkamata kiuno, nikamzungusha, mtu mzima mimi.

Mjukuu wangu akapiga kelele, “Magokoro, bibi yangu, mwachilie baba!”

Jioni nikaamuru nyumbani: atakayeingia boma hili, hata mchungaji, avue kofia na miwani langoni.