Mbuzi Aliyesingiziwa Togwa

Aliyemwaga togwa ya harusi ya shangazi yangu si mbuzi. Ni mimi. Nimelikana hilo tangu enzi za vijiji vya Ujamaa mpaka mvi zikaniota.

Nilikuwa nimerudi Kwamsisi likizo, mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza, yaani mtu hatari. Mhadhiri alikuwa ametufundisha kwamba dawa za wadudu zenye fosforasi ni ndugu wa damu wa gesi za vita: zote hushika neva, mate yakatiririka, misuli ikakaza, pumzi ikakata. Nilikosa raha, maana pamba ya shamba letu la pamoja ilipuliziwa dawa za namna hiyo, na kwetu debe tupu halitupwi.

Asubuhi ya harusi niliingia jikoni kwa bibi. Debe la togwa lilikuwa pomoni, likiwasubiri wakwe kutoka Vugiri. Nikafunua kifuniko, nikakiegesha ukutani, nikainama kunusa. Ndipo nikaliona ubavuni: fuvu na mifupa miwili. Bwana shamba alikuwa ametukaririsha sote: ukiona fuvu, kaa mbali. Nikalisukuma debe kwa mguu. Mbuzi wa bibi akawahi kulamba.

"Nani kafanya haya?" bibi akauliza mlangoni.

"Mbuzi, bibi."

Ningemwambiaje kwamba nusura awaue wakwe? Nikamkodolea macho mbuzi, nikingoja povu. Akacheua kwa raha, akarudia kulamba. Nikajiambia kipimo ni kidogo.

Wakwe walicheka mpaka machozi. "Togwa yetu imo tumboni mwake," mzee mmoja akasema, "basi tunamchukua yeye!" Wakamfunga kamba, wakapanda naye mlimani wakiimba.

Miaka yote nilijifariji kwamba niliokoa koo mbili. Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu kutoka Vugiri, nikaona nitubu.

"Debe lilikuwa la sumu, shangazi. Lilikuwa na fuvu."

Kikaja kicheko kilichonifanya nitenge simu na sikio.

"We msomi! Lile lilikuwa debe la mafuta ya kula. Fuvu alilichora bibi yako kwa masizi, ili ninyi wajukuu msiimalize togwa kabla ya wageni."

"Mbona hakusema?"

"Aseme nini, na alishajua ni wewe? Mbuzi gani hufunua kifuniko akakiegesha ukutani?"