Zamu ya Kuangalia Maji

Mjomba wangu alikubali kumpeleka mgeni mtoni kwa sharti moja: twende watu watatu. Mmoja avue, mmoja aangalie ukingo, mmoja aangalie maji. "Mkienda wawili," aliniambia kwenye simu, "anarudi mmoja."

Mgeni alikuwa mhandisi mstaafu kutoka upande wa Nanyuki, mzee mwembamba aliyezoea kuvua katika vijito baridi vya mlimani. Hatumii minyoo. Anatumia nzi wa bandia, vinyoya vilivyofungwa kwa uzi kwenye ndoano ndogo, na mshipi anaurusha nyuma na mbele hewani mpaka nzi atue juu ya maji kama aliye hai. Alikuwa amesikia kwamba chini ya Merti, mto Ewaso Nyiro ukipungua wakati wa kiangazi, hubaki madimbwi yenye samaki wa rangi ya shaba ambao hakuna mtu anayewavua. Hilo ni kweli. Kwetu, mwenye ng'ombe hali samaki. Mimi wakati huo nilikuwa nikiiandikia redio habari za malisho na visima. Nikaona hapa pana habari, nikajitolea kuwa mtu wa tatu.

Tulitoka Isiolo alfajiri, kijijini Korbesa tukafika alasiri, tukalala kwa mjomba. Asubuhi tulitembea kama saa moja kando ya mto. Mjomba alitangulia na fimbo yake, mzee katikati, mimi nyuma na daftari. Tulipita mahali ambapo ng'ombe wa mjomba alivutwa akiwa anakunywa. Mjomba alipaonyesha kwa kidevu tu, hakusimama. Kando ya mto yeye halitaji jina la mamba. Husema "mwenyewe".

Njiani tulikutana na mwanamke aliyekuwa akinywesha mbuzi. Salamu zilipokwisha, alimtazama mzee na ufito wake mrefu wa kuvulia.

"Siku hizi unachunga wazee?" alimuuliza mjomba.

"Mbuzi yako ni afadhali. Ukiiita inasikia. Huyu anatafuta samaki."

"Ya kula?"

"Hapana. Anashika, anaangalia, anarudisha kwa maji."

Mwanamke alicheka mpaka akashika goti. "Hiyo ni samaki, ama ni bibi anarudisha kwao?"

Mzee alicheka kuliko sisi sote. Mimi niliandika maneno hayo papo hapo, nikijisifu moyoni kwamba hakuna kinachonipita.

Dimbwi lilikuwa refu, la kahawia, limetulia chini ya miti ya mikoma. Mto wenyewe ulikuwa umebaki mkondo mwembamba ambao mbuzi angeuruka. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtu wa mjini kama mimi halifikirii: mto ukikauka, mamba hawaondoki. Wote wanahamia kwenye maji yaliyobaki, na sisi tulikuwa tumesimama kwenye maji yaliyobaki.

Mjomba alinisimamisha juu ya mchanga ulioinuka. "Kazi yako ni macho. Usiangalie samaki. Usiangalie mzee. Angalia maji."

"Nitaona nini?"

"Utaona kitu kidogo. Fundo mbili, kama ya kamba. Ama gogo inapanda mto. Ama upepo inakunja maji kila mahali, na mahali moja haikunji. Ukiona, usingoje kujua. Piga kelele."

Kisha akaenda kusimama karibu na matete, na mzee akaingia majini hadi magotini.

Sijawahi kuangalia kitu kwa bidii kama nilivyoangalia lile dimbwi. Baada ya muda mfupi kila kitu kilikuwa mamba. Jani lilikuwa mamba. Kivuli cha ndege kilikuwa mamba. Nilipiga kelele mara mbili bila sababu, na mara zote mbili mzee alitoka mbio, akasubiri, akarudi. Mara ya tatu nilijizuia, na kweli lilikuwa tawi tu. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuliamini dimbwi.

Samaki alipokamata ndoano, ufito ulipinda kama upinde. Mzee alipiga ukelele wa furaha. Samaki aliruka mara moja, akang'aa kama sufuria mpya, na mimi nikatoa kalamu. Niliangalia saa. Niliandika saa, kisha neno "shaba". Maneno mawili, hayazidi.

Nilipoinua macho, mjomba alikuwa tayari majini. Alikuwa amemshika mzee kwa mshipi wa suruali, anamvuta kinyumenyume. Mbele yao maji yalipasuka. Niliona taya upande mmoja, nikaona mgongo, na samaki, mshipi wa kuvulia na ufito vikaenda pamoja. Mzee alianguka chali mchangani miguu ingali ndani ya maji, mjomba akamburuta hatua nyingine tatu. Dimbwi likatulia haraka mno.

Hakuna aliyeumia. Mzee alikaa akicheka, ameloa, akijipapasa miguu. "Asanteni," alisema. "Mlikuwa macho kweli kweli."

Mlikuwa. Mjomba alinitazama. Alingoja niseme, sikusema. Naye hakusema.

Mchana kutwa mzee alisimulia kisa hicho kwa kila aliyefika nyumbani, na kila mara nilikuwa mmoja wa watu wawili waliomwokoa. Alikuwa na ufito wa pili kwenye mkoba. Alitaka turudi kesho yake, mahali pale pale, kwa sababu sasa alijua kuna walinzi anaoweza kuwaamini.

Asubuhi, kando ya dimbwi lile lile, mjomba alinipokonya fimbo niliyokuja nayo. "Leo macho ni mimi, ya maji na ya ukingo. Wewe ingia na mzee, akufundishe."

Mzee alifurahi sana. Mimi sikutaka, lakini nilivua viatu. Maji yalikuwa vuguvugu, na matope yalishika nyayo kama mkono. Nilitaka kugeuka kila dakika nimwone mjomba anatazama wapi, ila sauti yake ilikuja kutoka nyuma: "Usigeuke. Ukigeuka, unasema mimi silindi."

Basi nilisimama. Mzee alikuwa kulia kwangu, mbele kidogo, ndani zaidi kuliko jana. Alikuwa akinionyesha jinsi ya kulegeza kiwiko, akiongea kwa upole, na wala hakuyaangalia maji hata mara moja. Nilimwona alivyotulia. Utulivu huo nilikuwa nimempa mimi, kwa kunyamaza. Akapiga hatua nyingine mbele.

"Mzee," nilisema. "Jana mimi sikuona kitu. Nilikuwa naandika. Ni mjomba peke yake."

Mkono wake ulibaki hewani. Nzi alianguka karibu, mshipi ukalegea juu ya maji.

"Ulikuwa unaandika?"

"Ndiyo."

"Unaandika nini?"

"Saa. Na rangi ya samaki."

Alianza kukunja mshipi, polepole, huku akiangalia maji kwa mara ya kwanza, kushoto, kulia, kisha mbele ya magoti yake mwenyewe. Aligeuka akatoka. Alipofika mchangani alikaa chini, na nikaona anafungua kamba za viatu, anazifunga tena, anazifungua, macho yakiwa majini. Woga aliopaswa kuuona jana ulikuwa umemfikia leo, na nilikuwa nimemletea mimi.

"Twendeni nyumbani," alisema.

Nilibaki peke yangu ndani ya dimbwi. Nilitaka kukimbia.

"Polepole," mjomba alisema nyuma yangu. "Ukipiga maji, unamwita. Inua mguu moja. Weka. Sasa ingine."

Niliinua mmoja, nikauweka. Zilikuwa hatua kumi na moja hadi ukingoni, na sikuthubutu kumuuliza kama alikuwa ameona kitu.