Shingo ya Mbeba Tenga

Katikati ya miaka ya sabini nilianguka barabarani Ilula, nikiwa na tenga la nyanya kichwani na mimba ya miezi mitano. Basi la Mbeya lilikuwa limesimama, nami nilikimbilia madirishani kabla wachuuzi wenzangu hawajanizidi kete. Mguu ukateleza. Nyanya zikasambaa hadi mtaroni, na abiria mmoja akachungulia kuniuliza kama zilizopondeka ningempunguzia bei. Hadi leo nikimkumbuka namkasirikia.

Tumbo halikuuma, ashukuriwe Mungu. Kilichokataa kupona ni shingo. Mama yangu alinichua kwa mafuta ya mnyonyo mpaka akachoka, ndipo tukapanda gari kwenda hospitali Iringa mjini.

Daktari alinibonyezabonyeza, akasema hadhani kuna mfupa uliovunjika, ila hana uhakika. Njia ya kujua ilikuwa eksirei, nayo hakupenda kunipiga kwa sababu ya mtoto. Mimi ndiyo kabisa. Mimba mbili zilikuwa zimeniharibikia kabla ya hiyo, na nilimwambia wazi kwamba picha sipigwi. Mama alinifinya. Daktari hakukasirika, alinipeleka kwanza kwa mtaalamu wa viungo. Shingo ikigeuka vizuri, alisema, picha haitahitajika. Ikigoma, itabidi tuzungumze upya.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole. Alitoa mkanda wa ngozi wenye dira ndogo juu yake.

"Hiki hakina mionzi, mama. Ni sindano tu inayozunguka, inatuonyesha shingo imegeuka kiasi gani."

Nikapumua. Akanikalisha kwenye stuli, akanivika mkanda kichwani na kukaza kifungo.

"Geuka kulia."

Nikageuka.

"Hapana, mama, umegeuka mwili mzima. Kichwa tu."

Nikajaribu tena, mabega yakatangulia. Akanishika mabega kwa mikono yake, na sindano ikatulia tuli. Kushoto, vilevile. Jasho lilinitoka, nilijitahidi kwa nguvu zangu zote, na shingo haikusogea. Niliogopa kuliko siku niliyoanguka.

Akanivua mkanda taratibu, akasema inabidi amwite daktari. Nyuma yangu, mlangoni, mama akaangua kilio.

"Nyamaza, mama! Nani amekufa?" Nilimkemea huku nikimtazama juu ya bega langu.

Mtaalamu alibaki ameshika mkanda. "Mama, hebu rudia hivyo."

"Nimkemee tena mama yangu?"

"Ugeuke."

Nikageuka. Iliuma kidogo, lakini iligeuka. Akanivika mkanda tena, shingo ikagoma. Akauvua, ikageuka. Tukatazamana, mpaka mama alipoanza kucheka na machozi yake usoni.

"Umemtwika, baba, ndiyo maana! Huyu nimemfundisha mwenyewe tangu mdogo. Kikishakaa kichwani hakitikiswi, hata nzi akitua puani. Ukimwita anageuka mzima mzima kama lori."

Ni kweli. Nilikuwa nabeba maji, kuni na nyanya bila kushika kwa mkono, na nilikuwa naringa nako. Shingo yangu haikuuliza kama kilichowekwa juu ni tenga au ni dira.

"Basi ngoja nikutue," alisema mtaalamu, akacheka na yeye. Akatafuta utepe wa fundi cherehani, akapima kutoka kidevuni hadi begani nikigeuka kulia, halafu kushoto. Kushoto shingo iligeuka pungufu kidogo. Daktari alikuja, akabonyeza tena, akasema ni msuli umevutika. Nisibebe kitu kichwani mpaka nijifungue. Picha hakuna.

Nililia palepale, na safari hii mama ndiye aliyeniambia ninyamaze. Tulipokwenda stendi yeye alibeba kifurushi chetu kichwani, nami nilimfuata mikono mitupu, naangalia maduka huku na huku kama mgeni. Furaha ilinijaa mpaka nikakaribia kumsamehe yule abiria.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mkunga alipomlaza kifuani pangu, aligeuza kichwa kulia, kushoto, kisha kulia tena, akitafuta ziwa.

"Mama, ona anavyogeuka!"

"Mwache ageuke," alisema mama. "Hajatwikwa bado."