Sindano Mpya kwenye Santuri ya Babu

Jamani, leo nimevuruga kumbukumbu ya Babu kwa bisibisi moja.

Kila mwaka siku hii aliyofariki Babu tunakusanyika kijijini Litembo kwa Bibi na kupiga santuri ya kwaya ya Babu. Ikifika sehemu anayoimba peke yake, wote tunasimama.

Sasa mimi mjuaji nikaja na kichwa kipya cha sindano ya gramafoni. Kile cha zamani ni kizito, tena Babu alikibandikia sarafu juu ili kisirukeruke. Kinakwaruza kama mahindi yanayokaangwa. Hiki kipya ni chepesi, unasikia hadi waimbaji wakivuta pumzi.

Sauti ikaingia, safi kabisa. Tukasimama.

Bibi hakusimama.

"Huyo si mume wangu."

Sote tukamtazama.

Bibi akamgeukia Mzee Kosmasi, rafiki wa Babu aliyeimba naye kwaya. Huyu mzee husimama nasi kila mwaka!

"Kosmasi, huyu ni wewe."

"Ni mimi, shemeji."

"Miaka yote hii umenyamaza?"

"Mlikuwa mnalia. Ningeanzia wapi?"

Bibi akanitazama mimi.

"Rudisha ile ya zamani."

Ninyi mngeirudisha? Mimi bisibisi iliniponyoka mara mbili, lakini nimeirudisha, na sarafu yake juu.

Santuri ikakwaruza. Sauti ilipofika, Bibi alikuwa wa kwanza kusimama.

Safari hii aliyebaki ameketi ni Mzee Kosmasi, kofia usoni, mabega yakimtikisika.