Bingwa na mtu wa mabegi

Saa tatu asubuhi, bingwa wa taifa wa jimnastiki amekaa kwenye sakafu ya saruji, anachambua pamba kuukuu. Anaivuta vipande vipande, anaitikisa, anaitupa kwenye rundo. Vumbi linamwingia puani, anapiga chafya, anaendelea. Medali yake imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na wateja wanaofuata magodoro yao hawana habari nayo.

"Ile haina mshahara," ananiambia akicheka, nilipomtembelea kuandika habari zake. "Hii angalau inatulisha."

Karakana ni ya mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, ambaye ndiye aliyemlea binti huyu. Watu humletea magodoro yaliyobonyea na yanayonuka mikojo ya watoto. Yeye huyafungua, huyachambua na kuyashona upya. Siku ikiwa nzuri hutoka matatu. Wateja wanamwita Fundi, binti anamwita Mjomba, naye anamwita binti Panzi.

Jina hilo lilizaliwa humu humu. Godoro lilikuwa likimalizika tu, kabla mwenyewe hajalifuata, mtoto wa miaka sita keshalipanda na kuanza kuruka. Mwingine angemtandika. Fundi aliweka sindano chini, maana ujanani alikuwa mwanasarakasi, mpaka alipoanguka vibaya na goti likagoma kupona. Akamfundisha kubiringika, kusimama kwa mikono, kisha kupinduka hewani. Uani akamfungia bomba la chuma la kuning'inia, naye akasimama chini yake, mikono tayari.

"Hajawahi kuniambia nisiogope," anasema Panzi. "Alikuwa anasema tu, 'Nipo.' Basi, naachia chuma."

Alipofika miaka kumi na moja, kocha wa klabu kubwa alimwona kwenye michezo ya shule akamchukua. Huko alikuta wasichana walioletwa kwa magari, wenye mabegi ya rangi moja. Mjomba alimsindikiza kila jioni akitoka kazini, akakaa benchi la nyuma na pamba zake nyweleni na ndevuni.

"Wenzangu walikuwa wananiuliza, 'Mzee wako kalala na kondoo?'" anasimulia. "Nikacheka nao." Hapo mikono yake inasimama. "Ndipo nilipoanza kuharibika."

Alipanda haraka. Akashinda mashindano ya vijana, akaingia timu ya wakubwa, na mwaka jana akafika fainali ya taifa. Siku hiyo Mjomba alivaa shati lake la kutokea, akabeba chupa ya maji na begi la Panzi. Mlangoni mwa ukumbi, mama wa msichana mmoja wa timu, aliyependeza kweli kweli, akamtazama Fundi kuanzia miguuni. Begani kulikuwa na kipande cha pamba.

"Na huyu baba ni nani wenu?"

"Ni mtu wa mabegi," Panzi akajibu.

Panzi anatupa pamba kwenye rundo. "Ilinitoka tu. Hapana, usiandike ilinitoka. Nilichagua."

Mjomba alikuwa hatua mbili nyuma yake. Hakukunja uso. Aliinama akachukua begi la binti wa yule mama, kisha la mwingine, mpaka akabeba ya timu nzima, akayapeleka huku anachechemea. Mtu wa mabegi haingii ukumbini. Akabaki nje kwenye korido, akiyalinda.

Ndani, Panzi alizunguka kwenye vyuma viwili, akaachia cha juu, akakidaka tena, akapinduka na kutua bila mguu kuteleza. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Yeye akatazama benchi la nyuma kama alivyozoea. Palikuwa na koti la mtu.

Alipotoka na medali shingoni, wenzake wamemzunguka, Mjomba alisimama akampa begi lake.

"Hongera, dada," alisema, kwa adabu ya mtu wa mabegi.

"Hajawahi kuniita dada maishani mwake," anasema Panzi. Machozi yanamlengalenga na hayafichi. "Nyumbani akaniita Panzi kama kawaida. Hajaligusa jambo lile mpaka leo. Angenigombeza ningepona. Mimi nikimtazama tu naona aibu, hata chai yake inanikwama."

Tangu siku hiyo Fundi hajakanyaga ukumbini. Mwezi ujao Panzi anatetea ubingwa kwa mchezo mgumu zaidi, wa kuachia chuma kinyumenyume bila kukiona. Mtu mmoja anaruhusiwa kusimama chini kumdaka akiteleza, na kocha amekubali achague mwenyewe. Amemwomba Mjomba mara tatu. Jibu ni lile lile, kwamba ana kazi.

Haya yote Panzi anayasema huku Mjomba akiwa hapa hapa mlangoni, anashona ukingo wa godoro, kama vile tunazungumza habari za watu wengine. Ghafla Panzi ananigeuzia mgongo.

"Mjomba."

"Naam."

"Siku ile mlangoni nilikukana. Nilikuonea haya, na wewe ndiye uliyenifikisha pale. Nisamehe."

Fundi anavuta uzi mpaka mwisho. "Mgeni wako umempa chai?"

"Mjomba, tafadhali."

Sindano inatulia. "Siku ile nilisikia, Panzi," anasema taratibu. "Na leo nimesikia."

"Utakuja?"

"Na mabegi je?"

"Kila mtu atabeba lake. Lako nitabeba mimi."

Mzee anajitazama kifuani, anaanza kujipangusa pamba moja moja. Anakohoa. "Basi itabidi nitafute shati."

Panzi ameshainuka. Anamshika ule mkono unaopangusa.

"Njoo na hilo hilo, Mjomba. Na pamba zake."